Kidole cha Pete

Saluni nzima ilimwita binti yule wa kucha Daktari, na wala hawakuwa wanamtania. Ukiingia na kucha yenye matatizo, hata kama ulipakwa kwingine, unaelekezwa meza ya mwisho, pale dirishani. Anakushika mkono, anaugeuza, kisha anakusomea makosa yako yote kana kwamba alikuwepo. Rangi ya jeli imekunjamana? Uliipaka nene kwa pupa, taa ikakausha juu, chini kukabaki kubichi. Ina vipovu? Ulitikisa chupa kama dawa ya kikohozi. Imemeguka nchani? Unafungulia makopo kwa kucha, sema ukweli. Imebanduka kuanzia chini? Basi kucha ilikuwa na mafuta, aliyekupaka hakuifuta kwa spiriti. Watu walicheka, wakaona haya, wakatoa na mkono wa pili.

Sasa daktari huyohuyo, jamani, ndiye aliyekuwa anatengeneza ugonjwa. Msikimbilie kumhukumu, ngojeni kwanza niwaeleze.

Alipanga chumba kimoja ghorofa ya pili, nyuma ya duka la vioo. Tangu mama yake mzazi afariki na dada yake aolewe mbali, chumba kile hakikusikia sauti nyingine ila ya redio na ya birika. Siku za Jumapili saluni ilifungwa, naye aliweza kumaliza kutwa nzima bila kufungua mdomo. Jioni akimsalimia jirani kwenye ngazi, sauti ilitoka imekwaruza mpaka jirani akamuuliza, "Una mafua?" Naye alijibu ndiyo, ana mafua kidogo.

Mtasema, si anashika mikono ya watu kutwa? Anaishika, ndiyo. Lakini wenye mikono wako kwenye simu. Mkono mmoja mezani, macho na akili vyote viko kwingine.

Ndipo siku moja akaingia mama mmoja wa makamo, mjane, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Hakuwahi kupaka jeli maishani mwake. Alikaa, simu akaitia kwenye mkoba, mkoba akaufunga zipu, akanyoosha vidole mezani.

"Mkono huu haujashikwa na mtu tangu tumzike mzee," alisema. "Siku hizi watu wananipungia tu, kama basi limewapita." Akacheka mwenyewe. Kisha akamtazama Daktari usoni. "Umekula wewe, mwanangu?"

Haki ya Mungu, Daktari alikaribia kulia palepale, tupa ya kucha ikiwa mkononi. Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa kama amekula. Walizungumza saa nzima: kuhusu mzee aliyekuwa anakoroma mpaka kuku wa jirani wanaamka, kuhusu wateja wanaopungua mwili kwa wiki na kumlaumu fundi. Mama alipoondoka, Daktari alimwambia kama anavyowaambia wote, "Tuonane baada ya wiki tatu." Akahesabu hizo wiki tatu, akaona ni nyingi mno.

Mara ya pili alisahau kweli, nawaapia. Walikuwa wanacheka, pamba yenye spiriti ikapita vidole tisa, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikarukwa. Siku ya tano mama akarudi, jeli imenyanyuka, ameona haya kama mtoto aliyevunja kikombe. Daktari akamtengenezea bure, wakanywa chai, wakapiga soga. Mara ya tatu hakusahau. Alikiruka kidole kile makusudi. Na mara ya nne vilevile.

Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa haki, lakini kazi mbovu ilimkera kuliko tumbo la kuendesha. Kidole kilekile kilipobanduka mara ya tatu, alibadilisha taa. Akatupa chupa ya beisi, ile inayopakwa kwanza chini ya rangi. Akamwambia mama avae glavu akiosha vyombo, na mama akaitikia vizuri, "Sawa, nitavaa." Daktari akaendelea kupanga tupa zake mezani.

"Daktari gani huyu, mgonjwa wake haponi?" bosi alimwuliza walipobaki wawili. "Nisikilize. Kidole hicho kikirudi tena, meza nampa mwingine, na wewe utafute pa kwenda. Sisemi mara mbili."

Katika mji ule Daktari hakuwa na ndugu wala jamaa, kazi ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kulia. Kwa hiyo mama alipokuja siku ya miadi, Daktari alifuta vidole vyote kumi, na kile cha pete akakifuta mara mbili. Mama aliitazama pamba ikipita. Alikuwa katikati ya hadithi, akaimaliza harakaharaka, wala haikuchekesha.

Siku ya tano mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama, ameufumbata mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Daktari akaweka tupa chini. Haiwezekani, alijiambia, kidole kile nimekifuta mwenyewe. Lakini bosi alikuwa amesimama palepale mlangoni, akamwahi.

"Hebu nione, mama."

Aliugeuza mkono kwenye mwanga. Jeli inayobanduka yenyewe huiacha kucha laini, safi. Hii ilikuwa imeondoka na tabaka la kucha, mabaka meupe yamejaa, na pembeni kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya kitu chenye ncha. Bosi naye alianza kazi hii kwenye meza, hakuhitaji kuambiwa.

"Mama, hii haikubanduka. Imebanduliwa."

Mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. Wasusi wakageuka, mmoja akaziba mdomo kwa kitana. Mama wa watu alisimama katikati ya saluni na mkono wake hewani, uso umemshuka.

Daktari alikuwa na mdomo. Sentensi moja tu ilitosha: bosi, zile za mwanzo ni mimi. Ilimfika kwenye ulimi kabisa. Akaiona meza yake ya dirishani, akakiona chumba chake, akajiona anazunguka mjini na bahasha ya vyeti. Akameza mate, na sentensi ikaenda nayo. Mama alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, alimsubiri tu, kama unavyomsubiri mwenzako aliyebaki ng'ambo ya barabara. Kisha akageuka kwa bosi.

"Ni kweli, nimebandua mwenyewe kwa sindano," alisema. "Na zile nyingine zote ni mimi. Huyu binti msimsumbue, kazi yake safi."

Bosi alilegea. Alisema angeambiwa mapema, taa nzima isingetupwa. Akasema atengenezewe hii ya mwisho, ila kuanzia leo mama aje siku ya miadi tu, saluni si baraza ya kupigia soga. Kando ya sinki mtu alicheka kwa pua. Bosi akabaki amesimama hatua mbili kutoka kwenye meza, mikono kiunoni.

Mama alikaa. Daktari akaushika mkono, akaanza kukitengeneza kile kidole.

"Zile zako nilizijua," mama alimnong'oneza, ameinamisha kichwa. "Nimeshona miaka thelathini, mwanangu. Kuna wateja nilikuwa nawaachia kifungo kinashikwa na uzi mmoja tu, ili warudi." Akatabasamu kidogo. "Hii moja ndiyo yangu. Siku ile nilipoona umenifuta vyote kumi, nikasema huyu amenichoka. Nikaja nihakikishe."

Sijakuchoka. Neno moja hilo! Angeweza kulisema hata kwa kunong'ona. Lakini bosi alikuwa palepale, na Daktari akaogopa hata pumzi yake isisikike.

"Weka mkono kwenye taa, mama," alisema.

Mama akauweka. Sekunde sitini zikapita, taa ikajizima. Akasimama, akamgonga Daktari begani mara mbili, akashukuru, akaenda zake.

Jioni ile bosi alimsifu Daktari mbele ya wote. Wiki ya tatu ikafika, kiti cha mbele yake kikabaki kitupu saa nzima ya miadi. Wiki ya nne hivyohivyo. Akafungua daftari la miadi atafute namba ya simu, akakuta mwandiko wake mwenyewe: Mama wa kidole cha pete. Hakuna namba, hakuna mtaa, hakuna jina. Alijua mzee alivyokuwa anakoroma. Alijua mama anakunywa chai bila sukari. Jina hakuwahi kumwuliza, maana ukishamwita mtu mama, jina lake utaanzia wapi kuliuliza? Jumapili mbili alizunguka mitaa ya karibu akichungulia madirisha yenye cherehani, mpaka mbwa wa watu wakamzoea. Hakumpata. Aliumia, na hakuwa na wa kumwambia kwamba anaumia, kwa sababu wa kumwambia alikuwa yuleyule.

Wiki ya sita akaingia mama mwingine, mgeni, amekuja na kucha iliyoharibiwa kwingine. Akakaa, akanyoosha mkono. Daktari hata hakuiangalia ile kucha.

"Jina lako nani, mama?"

"Makubwa! Kwani unaniandikia polisi?"

"Hapana. Nataka tu kulijua."

Mama yule akacheka, akalitaja, lake na la baba yake. Daktari akaliandika lote, akauliza na mtaa, akauandika. Kisha akachukua pamba, akailowesha spiriti, akaanza na kidole cha pete.