Mlango wa Nyuma Kushoto

Kipini cheusi cha kufungia mlango wa gari, ukingoni mwa dirisha, kilizama, kikainuka, kikazama tena kwa utiifu, na Wesonga akakitazama kama mtu anavyomtazama shahidi mwongo.

"Kitasa kinafanya kazi," fundi Mwongeli alisema kutoka kiti cha dereva, kidole kikiwa kwenye kitufe. "Dere, umeniletea gari zima."

"Basi mimi ndiye mbovu."

Hakuwa akitania. Kwa miaka ishirini na mitatu ya udereva, leo ndiyo mara ya kwanza kwake kuomba gari lipatikane na ubovu. Wiki iliyopita aliliegesha papa hapa madukani Adams Arcade, Nairobi, akabonyeza rimoti, akaona taa zikipepesa mara mbili, akaenda kumchukulia mwajiri wake, Bi Ummulkheir, dawa zake. Aliporudi, mfuko uliokuwa kiti cha nyuma haukuwapo. Kioo hakikuvunjwa. Mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Ndani ya mfuko mlikuwa na kanzu iliyodariziwa kwa mkono kule Lamu, ambayo marehemu mume wa Bi Ummulkheir aliivaa siku ya ndoa yao. Mwana wao, Fahim, ndiye angeivaa mwezi ujao katika harusi yake.

Kesho yake Fahim alimkuta Wesonga akiosha gari uani kwao, mtaa wa Muthangari, milango yote minne ikiwa wazi. Fahim akaketi nyuma ya usukani, akabonyeza kitufe. Vipini vyote vinne vikazama.

"Mlango mzima, dereva mbovu," akasema, akaingia ndani.

Mama yake hakufoka. Aliuliza tu, "Wesonga, uliufunga au hukuufunga?" Na Wesonga, mtu asiyezoea kumung'unya maneno, alijikuta akisema, "Nadhani niliufunga." Alikuwa na hakika aliufunga. Lakini kila alipoujaribu mlango ule wakati wa kuosha gari, kitasa kilizama vizuri, kikamkana. Bi Ummulkheir alimpa hadi Ijumaa alete jibu. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mwongeli alishuka. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, leso kiunoni, na kazi yake ilikuwa moja tu: nyaya za magari. Hakugusa kifaa chochote. Aliuzunguka mlango uliokuwa wazi, polepole.

"Wewe huujaribu ukiwa wazi?"

"Ndiyo. Nikiosha."

"Na mwizi aliukuta wazi?"

Wesonga alitikisa kichwa.

"Ingia. Bonyeza, usiache kubonyeza, mpaka nikwambie."

Akabonyeza. Tak, tak, tak. Mwongeli akausukuma mlango polepole, shubiri kwa shubiri, sikio limeinama. Mlango ulipokaribia kufungika, sauti moja ilikatika. Akauvuta nyuma kidogo, ikarudi. Akausukuma, ikafa.

"Huyo hapo," akasema, kama aliyemwona jirani yake sokoni.

Alichomoa mpira mweusi uliokunjamana kati ya mlango na bodi ya gari. Ndani yake mlipita nyaya, na mmoja ulikuwa umepasuka, shaba yake imegeuka kijani. Mlango ukiwa wazi, ncha zake ziligusana. Ukifungwa, waya ulikunjika na ncha zikaachana.

"Lakini taa zilipepesa!" Wesonga alisema. "Nilifundishwa kuangalia taa."

"Taa husema amri imetoka. Hazisemi imefika."

Wesonga hakuwa mtu wa kusifu. Shule aliiacha darasa la sita na tangu hapo aliwaamini watu wachache. Ila sasa alichuchumaa vumbini, akatazama. Mwongeli alifungua ubao wa ndani ya mlango, akamwonyesha mota isiyozidi kidole gumba: umeme ukipita huku inasukuma fimbo, kitasa kinafunga, ukigeuzwa, inaivuta, kinafungua. Kitu kidogo namna ile, kikilinda nguo za watu, watoto wa watu. Mwongeli alikata kipande kibovu, akalehemu kipya, akakiachia ulegevu kidogo kisivutike. Akasafisha kitasa kwa brashi, akakipaka grisi kidogo. Kisha akazibua vitundu vya chini ya mlango, na maji machafu yakamwagika.

"Unaosha kwa mpira wa maji, ukielekeza juu ya vioo, nayo yanaingia mlangoni," akasema.

"Umejuaje?"

"Maji yenyewe yameniambia." Akacheka. "Tumia kitambaa, mzee wangu. Na ukibonyeza rimoti, sikiliza. Milango minne hulia pamoja, kwa sauti nzito. Mmoja ukikosa, sauti hupungua."

Wesonga alifunga milango yote, akabonyeza. Tak. Sauti nene, iliyoshiba. Ndipo alipoikumbuka ile nyingine, nyembamba. Ilianza mvua za Aprili. Aliisikia kila siku, akajiambia gari limezeeka.

Mwongeli alikifunga kile kipande cha waya kwenye karatasi. "Mpe huyo mama unayemwendesha. Kitakusemea."

Na kweli kilimsemea. Barazani, Bi Ummulkheir alikigeuzageuza kiganjani huku Wesonga akieleza. Fahim alisimama mlangoni, akatazama viatu vyake.

"Basi hukuwa na kosa," Bi Ummulkheir alisema.

Maneno aliyoyangoja Wesonga wiki nzima. Angeweza kuitikia tu.

"Sauti ilipungua tangu Aprili, Mama. Niliisikia. Sikusimama kuangalia."

Fahim aliinua kichwa. Bi Ummulkheir akajifunga mtandio vizuri, akashuka ngazi hadi kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya mlango wa nyuma kushoto.

"Bonyeza."

Tak.

"Tena."

Tak.

"Kesho saa tatu unipeleke Mtaa wa Biashara," akasema bila kugeuka. "Tukatafute kitambaa cha kanzu."

Wesonga alikuwa ameshateremsha mkono wenye rimoti. Kiganja cha yule mama kilibaki pale pale, juu ya bati lenye joto la jua, kana kwamba kitu ndani ya mlango kilikuwa bado kinasema.