Saa Sita za Mjomba Mbwana

Jana usiku niliota dada yangu Mwanahija ameondoka na mumewe saa nne kabla ya kuolewa naye, na kisa chote ni kamera.

Kabla sijasinzia nilikuwa nahangaika na picha za harusi hiyo hiyo. Harusi ilikuwa Tanga, mimi nilikuwa Mwanza, bosi alininyima ruhusa. Iliniuma, sifichi. Nikamwambia Mwanahija zawadi yangu itakuwa kuzipanga picha zote mia nne na kumi na mbili kwa tarehe na saa zilizofichwa ndani yake, ziwafikie wakwe asubuhi. Nikafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, lisilo na kitu cha kubofya, unaandika amri tu. Usingizi ukanikuta hapo mezani, nimevaa kikoi na ndala.

Sasa niko Tanga, uani kwa baba. Nina ndala moja tu, ya kushoto, ile iliyoshonwa kwa waya mwekundu. Ya kulia imebaki Mwanza. Dirisha jeusi limesimama kati ya masufuria, refu kunishinda.

"Shikamoo," naliambia.

"Amri haijulikani: shikamoo."

Mkekani ameketi Bi Hidaya, mama wa bwana arusi, ana picha mbili na kikombe cha chai.

"Hapa bibi arusi anapanda gari, saa sita mchana," anamwambia baba. "Na hapa ndoa inafungwa, saa kumi alasiri. Mwanao kaondoka na mwanangu kwa utaratibu gani?"

Baba anatazama dari. Uani hakuna dari, lakini anaitazama.

"Nikimaliza chai hii saa hazijakaa sawa," anasema Bi Hidaya, "hakuna ndoa."

Na kweli, kila kitu kinafuata saa za picha. Wageni wanakula kwanza, wananawa baadaye. Mbuzi wa pilau, aliyekwisha kuliwa saa tano, anaingia saa tisa na kuuliza jiko liko wapi. Tunamwelekeza.

Namkimbilia Mjomba Mbwana, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyepiga picha ya gari. Ya ndoa ilipigwa na mpiga picha wa kukodi. Kabla Mjomba hajafungua mdomo, kamera iliyo shingoni mwake inakohoa.

"Mimi sisemi uongo. Siku ya kwanza nilipowashwa niliuliza saa ngapi. Nikaambiwa tatu asubuhi. Nikashika tatu."

"Kwani haikuwa saa tatu?" anauliza Mjomba.

Ilikuwa saa tatu, wallahi. Ila kamera huanza kuhesabu usiku wa manane, na Mjomba huanza kunapokucha. Tatu ya kamera ni saa tisa usiku; imebaki nyuma saa sita, kwa haki kabisa. Nalirudia dirisha.

"Ongeza saa sita!"

"Tarehe zipi?"

"Zote!"

Haraka haraka haina baraka. Jua linadondoka. Bwana arusi anaota ndevu za saa sita. Pilau inakuwa ukoko. Shehe wa kufungisha ndoa anatokea na nguo za kulala: "Nani anaoa saa nne usiku?" Gari la Mwanahija nalo limesogea, lakini bado limeitangulia ndoa kwa saa zile zile nne.

Chai imebaki mafunda mawili.

"Rudisha!"

"Amri haijulikani: rudisha."

"Punguza saa sita, zote!" Jua linapanda, ndevu zinarudi ndani. Navuta pumzi. "Sasa ongeza saa sita, kamera ya Mjomba Mbwana peke yake, picha za tarehe kumi na saba mwezi wa nane."

"Hiyo ni hotuba. Mwaka, mwezi, siku."

Tarakimu zenyewe ziko jamvini zinakula. Naziswaga zisimame mstari: mwaka mbele, mwezi kati, siku nyuma. Kumi na Saba anang'ang'ania katikati.

"Mwaka una miezi kumi na saba?" namuuliza. Anarudi nyuma na mnofu wake mkononi.

Dirisha linakonyeza mara moja. Gari linarudi kinyumenyume, Mwanahija anashuka, shehe anafungisha ndoa, mbuzi anaaga na kutangulia jikoni, pilau inaliwa. Bi Hidaya anameza funda la mwisho na kupiga kigelegele. Nachekaaa! Halafu saa kumi na mbili jioni inafika, Mwanahija anakuja kupanda gari kwa mara ya pili.

"Kaka, si ulisema hukupata ruhusa?"

"Sikupata."

"Mbona uko hapa?"

"Nimelala."

"Haya. Karibu," anasema, ananikumbatia. Nalia, sioni haya kusema.

"Sogea kwenye picha, usijifanye mgeni!" Mjomba anapiga kelele.

Nikaamka, vitufe vya kompyuta vimeniandika shavuni, simu inaita. Picha zilikuwa zimeshatumwa. Sikumbuki kuzituma.

"Kaka, Bi Hidaya kafurahi mno," Mwanahija akasema. "Ila hebu fungua ile ya gari."

Nikafungua. Bibi arusi yuko mlangoni mwa gari. Pembeni kabisa, karibu na tairi, pana mguu wa kushoto wenye ndala.

"Waya mwekundu ule nilishona mimi," akasema. Sauti ilikuwa imembadilika. "Ulifika saa ngapi?"

Nikaisoma saa ya picha, nikamtajia: kumi na mbili jioni.