Muhuri Uliompa Bosi Mgongo

Kitendawili: hana kiuno, lakini bosi akiwa jirani huinama. Msijisumbue, wajukuu zangu. Ni muhuri wa Mkuu Kuramochi, na siku ile nusura unizuie kwenda kwa mama yenu mdogo, Chizuru.

Nilikuwa karani wa kiwanda cha vijiko pale Tsubame, mzee wa kuongezewa mkataba mwaka hadi mwaka. Asubuhi hiyo mkwe wangu alipiga simu kutoka Sendai: mtoto amekaa vibaya tumboni, Chizuru atapasuliwa saa kumi jioni. Treni ya kuniwahisha ilikuwa ya saa tano na dakika kumi. Nikajaza ombi la ruhusa kwenye kompyuta, nikabofya muhuri wangu mwekundu. Ikabaki miwili: wa Kuramochi, mkuu wa idara yetu, na wa meneja Igarashi. Kuondoka bila hiyo ni utoro, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule ule.

Saa nne na nusu Kuramochi akabofya, kisha akashika kichwa.

"Mama Urushihara, nimekwisha! Muhuri umelalia kulia!"

Kwenye fomu zetu kisanduku cha bosi kiko kushoto, na muhuri wa mdogo huinamishwa kidogo upande huo, kama mtu anayetoa heshima. Enzi za mihuri ya mti na wino, mkono ulijua wenyewe. Sasa kuna kigurudumu cha kuzungusha pale kwenye skrini, naye alikizungusha kinyume.

"Nimempa meneja mgongo!"

"Mkuu, ataangalia ruhusa. Mgongo wa nini?"

"Humjui yule."

Akalirudisha ombi. Likirudishwa, huanza upya kwangu. Nikabofya tena. Teksi ilishafika nje.

Mara ya pili ukainama mno. Mdomo wangu huu! "Huyu hatoi heshima," nikamwambia, "huyu kalewa."

Akalirudisha tena. Nilitaka kujiuma ulimi.

Mara ya tatu muhuri ulikuwa umesimama wima, yeye kashika kipanya, jasho linamtoka. "Hivi inatosha? Au nitaonekana nina kiburi?" Saa tano kasoro dakika tano. Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikabofya *Tuma*. Miaka kumi na tisa sikuwahi kugusa mashine ya mkubwa wangu.

"Mama! Muhuri umesimama kama askari! Kama vile mimi na meneja tuko sawa!"

Meneja alikuwa Nagoya kwa mteja, ombi likamfuata kwenye simu. Dakika moja. Dakika mbili. Nikavaa koti. Ya tatu, muhuri wake ukatokea, na neno moja chini yake: *Kimbia.*

"Kasema nini kuhusu muhuri wangu?" Kuramochi aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Basi kakasirika!"

Nilikimbia. Kwenye treni simu ikatetemeka, moyo ukaruka: Chizuru! Kumbe Kuramochi. Ikatetemeka tena, Kuramochi. Mara nne, na kila mara nusura nife. Ya tano sikutazama hata jina, nikatoka hadi mlangoni mwa behewa, nikafoka, "Mkuu, kampigie magoti meneja, mimi niache!"

"Mama?" Alikuwa mkwe wangu. "Magoti ya nini? Chizuru anauliza uko wapi."

"Niko njiani, baba. Mwambie nimeruhusiwa."