Theluthi Tatu za Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na miwili nimelipwa mshahara ili nisiamini mizani. Huingia dukani, huweka jiwe ambalo uzito wake naujua, husoma kinachoonyeshwa, kisha hutia muhuri au huikataa. Kazi hii haimpatii mtu marafiki. Imenipa, hata hivyo, mazoea ya kutilia shaka kila tarakimu inayotolewa na mashine, na mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya niwe na faida nyumbani kwangu baada ya muda mrefu wa kutokuwa nayo.

Mama mkwe wangu ni fundi wa cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi. Mwaka jana kiharusi kiliulegeza mkono wake wa kulia, akahamia kwetu pamoja na cherehani yake. Mke wangu, ambaye ni mfamasia na binti yake wa pekee, aliifungia mashine hiyo stoo na ufunguo akautia mkobani. Sababu yake ilikuwa nzuri: sindano inayokimbia haitofautishi kitambaa na kidole kisichosikia.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyependekeza gemu ya video, ili kidole gumba kipate kazi. Mapatano yalifanyika mezani, nami nikiwa shahidi.

"Gemu ikikuandikia asilimia mia," mke wangu alisema, "nitajua mkono umerudi, na ufunguo nakukabidhi siku hiyohiyo."

"Mia?"

"Mia, mama. Siyo karibu na mia."

"Wewe binti, nimeshona magauni ya maharusi tangu hujaota meno. Hiyo karibu na mia unanifundisha wewe leo."

Katika gemu hiyo mbweha huzurura ndani ya mji uliohamwa, akikusanya vitu vya aina tatu: picha ishirini na nne, funguo sitini na kengele mia na ishirini. Vichache vimewekwa wazi. Vingi viko juu ya mapaa, na kuvifikia kunadai kidole kibonyeze kitufe wakati uleule unaotakiwa, si kabla wala baada. Katika wiki za kwanza mbweha aliporomoka mara nyingi kiasi kwamba niliacha kutazama. Nilikuwa na maoni yangu kuhusu mradi ule, nikayameza. Kufikia mwezi wa tano, mbweha alivuka mapaa ya soko bila kugusa mabomba, na maoni yangu nikayafuta kimyakimya.

Fundi alicheza kama anavyoshona. Yeye haanzi mkono wa pili wa gauni kabla wa kwanza haujakaa. Alimaliza picha zote, ndipo akaingia kwenye funguo, ndipo akaingia kwenye kengele. Na kila asilimia ilipopanda aliiandika katika daftari lake la vipimo, palepale palipokuwa na viuno na mabega ya wateja.

Alhamisi moja, saa kumi jioni, aliokota kengele ya mwisho. Orodha ilionyesha kila kitu kimetimia. Chini yake paliandikwa: asilimia tisini na tisa.

"Kuna kitu umekiruka, mama," mke wangu alisema.

"Nimekiruka wapi? Soma hapo. Picha zote, funguo zote, kengele zote."

"Sasa mbona mtandaoni kuna watu wana mia? Nimeona picha zao kwa macho yangu."

Kwa wiki mbili Fundi aliupekua mji ule upya, chumba kwa chumba, huku mbweha akirudi mikono mitupu. Alipunguza maneno, kisha akapunguza chakula. Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mke wangu alilegea. Aliutoa ufunguo mkobani akauweka mezani.

"Chukua tu, mama. Tisini na tisa inatosha."

Fundi aliurudisha kwa mkono uleule wa kulia, akiusukuma kwa kidole kimoja.

"Ufunguo wa huruma wapelekee wagonjwa wako. Mimi nataka wa haki. Kama nimekosea, nionyeshwe nilipokosea. Kama sikukosea, iseme hiyo mashine."

Niliomba daftari.

"Haya, Mkaguzi naye kaamka," alisema Fundi, lakini alinipa.

Kati ya kiuno cha bibi harusi mmoja na bega la mwingine, nilisoma: picha zimeisha, 33. Funguo zimeisha, 66. Kengele zimeisha, 99. Nilisoma mara mbili, kwa kuwa mara moja ni kwa ajili ya watu wenye imani.

"Mama," nikasema, "kila aina ni theluthi ya kazi yote. Theluthi ya mia si thelathini na tatu kamili. Ina kipande juu yake. Nashuku mashine hii inakata kipande cha kila aina kabla ya kujumlisha. Vipande vitatu hivyo ndiyo asilimia yako moja."

"Unashuku," alisema mke wangu.

"Nashuku. Ndiyo maana tutaipima."

Nilimwomba Fundi aanze mchezo mpya pembeni, bila kuufuta ule wa zamani. Mashine ilisoma sifuri; mizani tupu lazima isome sifuri, na nyingi hazisomi. Kisha nikamweleza hesabu. Funguo sitini zinagawana theluthi moja, hivyo ufunguo mmoja una uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya asilimia. Kengele tatu zina uzito wa zaidi kidogo ya robo tatu. Mwenye ufunguo mmoja na kengele tatu ameshapita asilimia moja, wala hahitaji kubembelezwa na mtu.

"Kwa hiyo ikiwa ya kweli, itaandika moja," alisema Fundi.

"Na ikiwa inakata vipande, itaandika sifuri."

Aliokota ufunguo, kisha kengele tatu, ya tatu ikiwa juu ya mnara ambao mimi nisingeupanda hata kwa ngazi. Alifungua orodha. Sifuri.

Mke wangu alisogea karibu na kioo. "Okota ufunguo mwingine."

Funguo mbili peke yake zinapita moja. Fundi akaokota wa pili. Tarakimu ikaruka: moja.

"Na wale wa mia?" mke wangu aliuliza, kwa kuwa mfamasia haachi dozi nusu.

Nilimwomba atafute picha moja ya wale watu. Orodha yao ilikuwa na safu nne: wameongeza sura ya ziada yenye barua za kukusanya. Kazi iliyogawanywa mara nne hutoa ishirini na tano kamili, haina kipande cha kukatwa. Hawakuwa hodari kuliko Fundi. Mgawanyo wao ndio uliokuwa mzuri.

Mke wangu aliushika ufunguo kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mama yake kama alivyofunzwa utotoni.

"Mama, ni mia. Uliimaliza tangu ile Alhamisi."

"Nilijua," alisema Fundi. "Nilitaka ujue wewe."

Tuliitoa cherehani stoo mimi na mke wangu, Fundi akituelekeza kana kwamba tumebeba mgonjwa. Aliipangusa, akaitia mafuta, akatunga uzi kwenye tundu la sindano kwa mkono wa kulia. Alikosa mara mbili. Ya tatu uzi ulipita, na mke wangu akageukia dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Fundi alishona kipande cha pamba nyeupe, urefu wa mkono wangu, akanitupia.

"Pima basi. Si ndiyo kazi yako?"

Nilichukua rula na miwani. Nilihesabu michomo ya sindano kwa kila inchi, kutoka ukingo hadi ukingo, na nilihesabu kwa ukali zaidi kuliko ninavyohesabu madukani.

"Kumi. Kumi. Kumi. Tisa. Kumi hadi mwisho."

"Jamani, ungeacha tu," mke wangu alininong'oneza.

Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Tisa iko wapi?"

Nilimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Aliusogeza mshono karibu na mwanga, akachukua wembe, akaufumua wote kuanzia mwanzo, kisha akairudisha pamba chini ya sindano.