Klachi ya Shangazi

Lori letu tunaliita Shangazi, kwa sababu linanung'unika tangu asubuhi mpaka jioni na kazi linafanya vilevile. Limenizidi umri. Baba amelitumia kuwabebea watu mchanga, matofali na mbao kwa miaka ishirini na sita, mpaka goti lake la kushoto likagoma, hilohilo la kukanyagia klachi. Hapo ndipo akanigeukia mimi bintiye, mwanawe pekee mwenye leseni ya lori, akasema haya, mama, jaribu wiki moja tuone.

Wiki yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nakanyaga klachi mpaka mwisho kama nilivyofundishwa, nasukuma gia ya kwanza, giaboksi inasaga krrrr, mtaa mzima unageuka kunitazama. Gia ya kurudi nyuma ndiyo usiseme. Baba, kwenye kiti cha abiria, anafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Kisha anashika usukani mwenyewe, na goti lake bovu, na gia zinaingia bila hata kukohoa. Nilikuwa nachukia, sifichi.

Siku ya sita jioni akaniambia, "Umeniulia klachi, mwanangu. Sikulaumu. Kesho mchana anakuja mtu kulichukua."

"Kulichukua vipi?"

"Namuuzia. Mimi siwezi kuliendesha, na wewe ndio hivyo."

Hiyo "ndio hivyo" ilininyima usingizi usiku kucha. Nimekulia ndani ya lori lile. Nilijifunza kusoma kwa maandishi yaliyochorwa kwenye bodi yake. Asubuhi nikamwomba kitu kimoja tu: kabla ya huyo mnunuzi, twende kwa fundi. Akakubali, nadhani ili nisiseme hakunisikiliza.

Fundi wetu wanamwita Kimya. Anaweza kushusha injini na kuipandisha bila kumaliza maneno matano. Kabla hatujashuka vizuri Baba alishanishtaki: binti kaweka mguu juu ya klachi safari nzima, kaiunguza, sahani ya klachi imekwisha. Kimya akainama chini ya lori, akanusa, akainuka.

"Dada, panda. Funga handbreki. Gia ya tatu. Achia klachi polepole."

Gia ikasaga kwanza, ikaingia. Nikaachia mguu. Lori likatikisika, likazima papo hapo, na moyo wangu nao karibu uzime.

"Vizuri," akasema Kimya.

"Vizuri nini, na limezima?" Baba akamaka.

"Sahani ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea kunguruma tu. Hii inashika."

Nikashusha pumzi, lakini nusu tu. Maana nilipowasha tena na kutia gia ya kwanza, krrrr ileile. Kimya akaniashiria nishuke, akamwambia Baba apande. Baba akapanda na goti lake, akajiweka sawa, gia ikaingia kimya. Akanitazama kupitia dirishani, wala si kwa ubaya, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Nikalipiga tairi teke, nikaumia kidole.

Kimya alikuwa amechuchumaa kwenye mlango ulio wazi. Hakuwa anatazama gia. Alikuwa anatazama mguu wa Baba.

"Rudia, mzee."

Baba akarudia.

"Tena." Akarudia tena. "Mbona unakanyaga mara mbili?"

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi nakanyaga mara moja, kama watu wote."

"Rudia."

Safari hii tukautazama mguu sote watatu, na Baba mwenyewe akiwemo. Ukashuka mara moja, haraka, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha ukashuka moja kwa moja mpaka chini. Baba akautazama kama mguu wa jirani.

"Sasa mara moja tu," akasema Kimya.

Krrrr.

Nilicheka. Najua si adabu, lakini nilicheka mpaka nikashika ubavu, na machozi yalikuwa yananitoka humohumo.

Kimya akaingia chini ya lori, akafunua mpira wa silinda ndogo inayosukuma klachi, akatoka na kidole kimelowa. "Mpira wa ndani umechoka. Ukikanyaga mara ya kwanza, nguvu inapotea. Ya pili ndiyo inafanya kazi. Hili limeanza miaka mingi, mzee. Mafuta ya klachi unaongeza kila baada ya muda gani?"

"Kila mwezi. Gari la zamani linakunywa."

"Halinywi. Linavuja."

Kwa Kimya, hiyo ilikuwa hotuba. Baba alishuka, akaenda kusimama peke yake karibu na pipa la maji, akawa anajisugua goti.

Mpira mpya ulichukua muda mfupi kuliko lawama za wiki nzima. Nilikaa juu kwenye kiti nikimsaidia Kimya kutoa upepo kwenye bomba la mafuta ya klachi: kanyaga, shikilia, achia, kanyaga. Pedali ikawa ngumu chini ya soli yangu, na nilijisikia mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa matofali. Kule kwenye pipa nikamsikia Baba kwenye simu. "Haliuzwi tena. Hapana, si bovu. Lina dereva."

Akaja mpaka dirishani kwangu. "Nilikusingizia, mama. Nisamehe."

"Yameisha, Baba. Panda twende, mchanga unatusubiri."

Akazunguka, akajivuta kwenye kiti cha abiria. Nikawasha. Nikakanyaga klachi mara moja, gia ikaingia, Shangazi akanung'unika na kuondoka. Pembeni yangu, kwenye sakafu tupu isiyo na pedali, mguu wa Baba ulikanyaga mara mbili.