Maji ya Nyanda za Juu

Katika nchi ya Mfalme Kiboko maji yalijua vyeo: yalimpita mnyonge shambani, yakaenda moja kwa moja ikulu. Wanyama wa Nyanda za Juu ndio waliobeba mawe ya kuuziba mto wao wenyewe, ili maji yageukie mferejini na kulijaza bwawa la Mfalme. Waliambiwa ni maendeleo, na siku ya uzinduzi wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Kiangazi kilipofika nyasi zilikauka, ndama wakafa, na waliobaki wakashika njia ya mjini.

Punda alikuwa mmoja wao. Alilala na binti yake kwenye kibanda nyuma ya soko, na mchana alichota maji bwawani kuwapelekea wakubwa barazani. Hasira ilimkaba kila siku, maana ladha ya maji yale aliijua.

Siku moja alikuwa akiwamiminia wakati Waziri Tausi aliposimama kusema.

"Mtukufu, mji unanuka. Hawa wakuja wamejaa hadi milangoni kwetu."

Mfalme akapiga miayo. "Kwani wanafuata nini huku?"

"Starehe, Mtukufu. Kazi ya shamba imewashinda."

Punda akaweka ndoo chini. "Tumefuata maji yetu," alisema.

Baraza zima likacheka. Mfalme hakucheka. "Warudi kwao," aliamuru. "Wote, leo hii."

Askari Faru wakavikanyaga vibanda, uji wa binti yake Punda ukiwa bado mekoni. Ndivyo wakubwa wale walivyotibu umaskini: waliufukuza usionekane, kisha wakaenda kula. Viongozi wazima na akili zao!

Waliofukuzwa walitembea na kiu mpaka kwao. Kulikuwa na vumbi tupu na ule ukuta wa mawe, nyuma yake maji tele. Binti alikuwa akilamba jiwe lenye unyevu. Punda alimtazama.

"Tulikuwa wajinga," alisema, akageuka na kuupiga ukuta teke. Ngiri akaingiza meno yake chini, Nyani wakang'oa mawe waliyoyabeba wenyewe, na jioni mto ukarudia njia yake.

Haukupita muda Tausi akaja anahema, mkia ukiburuzika matopeni. "Bwawa limekauka. Mtukufu amekwama kwenye tope, ngozi inampasuka. Anauliza mmefanya nini."

"Tumetii amri," alisema Punda, bila kumwondolea macho binti yake aliyekuwa akinywa. "Tumerudi kwetu. Kama ana kiu, mwambie aje. Na aje kwa miguu, kama sisi."