Mjomba Ametangulia

Mjomba nilimtunga mimi mwenyewe, tena nikiwa na njaa, kwa hiyo msishangae akiwa na kasoro.

Mimi na mwenzangu ni mafundi wa friji za chanjo. Zahanati ikipiga simu kwamba friji imegoma, tunapakia mtungi wa gesi, kompresa na sanduku la spana kwenye gari dogo, tunakwenda. Kazini mimi naitwa Redio, na anayeuliza kwa nini akae nami kidogo tu, atajua mwenyewe. Yeye wanamwita Padri, kwa sababu hajui kudanganya. Ukimuuliza kama shati lako jipya limekupendeza, anatazama dari. Ilikuwaje mtu wa namna hiyo akanipenda mimi, mwongo kuliko waongo wote? Hilo nimemwachia Mungu.

Safari hii tulivuka mpaka. Na nchi ile sheria yake haina kona: wanaume wawili wakipendana wanafungwa, na aliyewapa chumba anafungwa pamoja nao. Basi huko kila mwenye nyumba ya wageni ni askari, na kila jirani ni askari msaidizi, hata sare hajashonewa. Vijana wawili wenye ndevu, hawana pete, wanaomba chumba kimoja? Utahojiwa hata ufunguo hujauona.

Ndipo nikamtunga Mjomba.

"Tuko watatu," nilisema katika mji wa kwanza. "Mimi na huyu mama zetu ni ndugu, na Mjomba wetu ndiye fundi mkuu. Yuko nyuma, goti linamsumbua. Yeye atalala kitanda hiki kwa raha, sisi vijana tutabanana kile."

Mama mwenye nyumba alinitazama kama mtoto wa kumzaa. "Mmelelewa vizuri," akasema.

Umeona? Heshima kwa wazee ikatulaza kitanda kimoja, kweupe, kwa baraka za mwenye nyumba. Padri alikuwa anatazama dari.

Mji wa pili nikazidi kumpamba. Mjomba akapata kikohozi. Akawa anakunywa chai isiyo na sukari na hapendi kelele. Mhudumu akigonga mlango, mimi nakohoa ndani ya mto, kisha natoa sauti nzito ya kifuani: "Nimepumzika, mwanangu." Mhudumu anaondoka kwa kunyata. Nilicheka hadi nikaumwa mbavu.

Padri hakucheka. "Unamzidisha huyo mtu."

"Mtu gani? Hayupo."

"Ndiyo maana nasema unamzidisha."

Mji wa tatu ulikuwa na nyumba moja tu ya wageni, ya ghorofa, kuta zake kijani hadi kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Tulifika alasiri. Dada wa mapokezi alikuwa anapiga pasi mashuka juu ya kaunta, mvuke umemzunguka kama sufuria iliyofunuliwa.

"Habari za kazi, dada. Tunaomba chumba cha vitanda viwili. Tuko watatu, Mjomba wetu yuko..."

"Ameshafika," akasema, bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Mjomba wenu. Ametangulia. Nimempelekea chai, kasema sukari hataki." Akageuza shuka. "Juu, mlango wa mwisho. Mpande taratibu, hapendi kelele."

Mimi ni mtu wa majibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimeshika kipaza sauti. Lakini pale nilisimama kama friji iliyochomolewa. Katika mji huo hatukuwa tumemtaja Mjomba kwa kiumbe yeyote. Zahanati walijua wanakuja mafundi wawili, basi.

"Kuna mtu ametuchongea," nilimnong'oneza Padri ngazini. "Wametufuata tangu mji wa kwanza. Ni mtego."

"Tukikimbia sasa hivi tutakuwa tumejibu swali ambalo hatujaulizwa," akasema. "Tupande."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kwenye kitanda cha dirishani alikaa mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama mtu aliyebeba ubao ndani ya suruali. Kikombe mkononi. Alitutazama jinsi mtu anavyotazama basi lililochelewa. Halafu akakohoa.

Jamani, kile kikohozi nakijua. Vipande viwili vifupi, kimoja kirefu. Nilikitengeneza mimi, ndani ya mto, kwa mapafu yangu haya haya.

Padri aliweka sanduku la spana chini. Mimi nikarudi nyuma kinyumenyume, nikashuka ngazi mbilimbili hadi kwa yule dada.

"Dada yangu, yule ni nani?"

"Mjomba wenu."

"Sisi hatuna mjomba."

Akasimamisha pasi. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, na macho yake hayakuwa na ubaya wala huruma. Alikuwa amechoka tu.

"Sauti chini. Wewe unadhani ni wa kwanza kuwa na mjomba anayekuja nyuma?" Akaanza kukunja shuka, pembe kwa pembe. "Wanakuja wawili wawili. Madereva, mafundi, watalii. Huyu ana mjomba, yule ana baba mdogo, anakuja nyuma, mguu unamsumbua. Miaka yote hiyo wanasema yuko nyuma. Siku moja akafika, na kila safari huja na sura mpya."

"Akafika kutoka wapi?"

"Mimi sikumuuliza. Nilimpa chai."

Nikaegemea kaunta, mgongo nimeupa ngazi.

"Mwaka jana walikuja wawili, wapole, mmoja ana shingo ndefu," akaendelea. "Mjomba wao akawa ametangulia. Walipomwona wakachanganyikiwa. Mwenyekiti wa mtaa akaja kukagua wageni, wakapiga kelele mbele yake: huyu hatumjui! Mwenyekiti akawauliza, kama mjomba hamumjui, nyinyi wenyewe ni nani? Wakachukuliwa. Sijawaona tena." Akaweka shuka juu ya mengine. "Mwenyekiti huja muda wa chai. Amepita sasa hivi ulipokuwa unanibishia. Yuko juu."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka tu kwamba nilipofika mlangoni mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, kofia juu ya goti, anatabasamu. Mtu mnene, mchangamfu, wa kupiga soga. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa; mkali anakupigia kelele unajua pa kujificha.

"Karibu, karibu chumbani kwako," akanicheka. "Naona wewe ndiye msemaji wa familia."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu mwenzako vipi, ulimi ameuacha nyumbani?"

"Huyu maneno yake huyatoa kwa mkopo, mzee."

Akacheka vizuri, hadi tumbo likatikisika. Padri alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha pili, mikono mapajani. Mjomba alikunywa chai yake, akameza. Hakututetea, hakutukataa. Alikuwa anangoja.

Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko. "Sasa nieleweshe kitu kimoja, msemaji. Nimeingia humu nimemkuta huyu bwana na mzee wenu. Kimya. Wewe umekuja, umenisalimia mimi. Mzee huyu katangulia tangu mchana, goti bovu, kikohozi, na mimi sijasikia mtu akimwamkia." Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na mtu ndani yake. "Mpwa gani haamkii mjomba wake? Au nchi yenu mnaanza na wageni?"

Yaani hapo ndipo tulipokosea. Uongo wote nilikuwa nimeupanga, kitanda, kikohozi, chai. Kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu hukifanya kabla hajavua viatu tulikuwa hatujakifanya. Hofu ilitusahaulisha adabu, na adabu ndiyo iliyokuwa pasipoti yetu.

Nikafungua mdomo. Hewa tupu. Mimi, Redio, nikakata mawimbi.

Nikamtazama Padri, nikijua macho yake yatakwenda wapi. Yatakwenda darini. Tumekwisha.

Hayakwenda darini. Alisimama, akavuka chumba kwa hatua zake nzito za mtu anayebeba kompresa, akainama mbele ya yule mzee, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mjomba. Utusamehe. Tumechoka na safari, tukasahau."

Mzee alimtazama kwa muda, usoni kwanza, kisha kwenye ile mikono iliyomshika.

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti yangu. Nzito, ya kifuani, ile ile ya kufukuzia wahudumu. Kuisikia ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine ni kama kukutana na shati lako limevaliwa na maiti. Lakini miguu yangu ilishajifunza. Nikapiga magoti karibu na Padri. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba."

"Hawa ni wako, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Huyu mwenye maneno mengi ni mtoto wa dada yangu," akasema Mjomba. "Na huyu ndiye anayemchunga."

Mwenyekiti akacheka tena, safari hii na mtu yumo ndani. "Kweli anahitaji kuchungwa!" Akavaa kofia, akatutakia mapumziko mema, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Hatukuinuka haraka. Padri ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo: "Mkono wake."

"Wa baridi?"

"Hapana. Ushike."

Niliugusa kwa kidole. Sisi maisha yetu yote ni vipimajoto, tunajua baridi na tunajua joto. Mkono ule haukuwa na hata kimoja. Ulikuwa sawasawa na meza, sawasawa na ukuta. Ulikuwa na joto la chumba.

"Goti hili," Mjomba akasema, "ulinipa wewe?"

"Nilikuwa... nilihitaji sababu ya wewe kuchelewa, Mjomba."

"Linauma kweli." Hakunung'unika, alisema kama anayetaja hali ya hewa. "Aliyekutangulia alinipa jino bovu. Mwingine kabla yake alinipa presha. Mke hakuna aliyenipa. Hata bustani ya nyanya hakuna. Mnanitoa gizani, mnanipa ugonjwa, mnalala."

Padri alinipiga kiwiko cha mbavu. "Mtengeneze."

"Nimtengeneze vipi?"

"Kama ulivyomharibu. Kwa mdomo."

Nikakohoa, aibu imenijaa, nikasema kwa sauti chumba kizima kisikie: "Mjomba wetu goti limepona wiki hii. Jino na presha pia. Na mkewe... mkewe ni mpishi mzuri, mcheshi, anamngoja nyumbani, amelima nyanya."

Mzee akaukunja mguu polepole. Ulilia kama bawaba ya kabati lililofungwa muda mrefu. Akafumba macho, akasema "Ahaa," kisha akajilaza, akageukia ukutani, na usiku kucha hakukohoa hata mara moja. Mimi na Padri tulibanana kile kitanda kingine kama kawaida. Usingizi sikuupata. Si kwa ajili ya kuogopa tu. Kuna mtu alikuwa amelala upande wa pili wa chumba, mgongo umetuelekea, anatulinda, na sikumsikia akipumua.

Asubuhi tulikwenda zahanati, tukabadilisha kompresa, tukajaza gesi, tukakaa mbele ya friji kungoja mshale wa kipimajoto ushuke. Uliposhuka muuguzi alipiga makofi. Tukarudi kuchukua mizigo. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka kama linavyotoka kwenye pasi, na kikombe kimeoshwa.

Tulipokuwa tunashuka nikasikia sauti mapokezi.

"Chumba cha vitanda viwili, dada. Tuko watatu, baba yetu mkubwa anakuja nyuma."

Vijana wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mfuko wa kamera kati yao. Dada alikuwa anapiga pasi.

"Ameshafika," akasema. "Ametangulia."

Nikaziona nyuso zao zikibadilika rangi. Na pembeni, kwenye kochi, gazeti limefunguliwa na kofia iko juu yake: mwenyekiti, anasoma, au anajifanya kusoma. Padri alikuwa ameshafika mlangoni na sanduku. Mita chache tu, halafu gari, halafu mpaka, na sisi tumepona. Akanitazama. Hakuniita.

Nikacheka kwa nguvu.

"Kumbe nyinyi ndio mnaongojwa! Wadogo zangu, mna mzee mkali! Nimepishana naye ngazini sikumwamkia, amenisema mimi kama mtoto wa shule. Pandeni, kabla hamjatua mizigo, kabla hamjafanya lolote, mwamkieni. Mkishangaa, mshangae baadaye."

Yule mfupi akafungua mdomo kuuliza. Yule mrefu akamkanyaga mguu. "Asante, kaka," akasema. "Tunamjua. Ndivyo alivyo." Wakapanda.

Gazeti likakunjwa. "Basi nami niwafuate," akasema mwenyekiti, akichukua kofia. "Nimsalimie huyo mzee mkali."

Nje Padri aliingiza sanduku garini, akalitoa, akaliingiza tena. Mimi nilifungua boneti ambayo haikuwa na tatizo lolote. Dirisha la mwisho la juu lilikuwa wazi. Tulisikia kiti kikivutwa. Tulisikia mwenyekiti akicheka peke yake. Kisha kimya, kirefu, hadi jasho la mikono yangu likalowesha boneti.

"Semeni," Padri akanong'ona. "Semeni, jamani."

"Shikamoo, baba." Sauti mbili, moja imetetemeka.

Sikungoja jibu. Padri alikuwa ameshawasha gari.